Sayansikimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu utunzaji wa nyumba na nguo

Majibu haya ni ya mwanafunzi anayesoma sayansikimu, na ya mzazi anayeletewa maswali ya somo hilo jioni. Udobi umepewa nafasi kubwa kuliko mada nyingine zote, kwa kuwa huko ndiko nguo huharibika na alama za mtihani hupotea. Pale inapowezekana, kila kanuni imeambatana na sababu yake. Anayejua sababu hahitaji kukariri orodha ndefu.

Je, hili si somo la kuwafundisha wasichana kazi za nyumbani?

Hapana. Mmoja wa waasisi wake, Ellen Swallow Richards, alikuwa mkemia. Ndiye mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chuo cha MIT huko Marekani, akahitimu mwaka 1873, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kupima ubora wa maji. Mikutano ya Lake Placid, mji wa huko huko Marekani, iliyofanyika kati ya 1899 na 1908, ndiyo iliyolipa somo hili umbo lake: kemia, afya na uchumi vikatolewa maabara na kuelekezwa kwenye maji ya kunywa, shuka za kitandani na matumizi ya fedha ya familia.

Wavulana nao huvaa mashati, na doa halimchagui mtu. Mvulana anayeambiwa somo si lake ananyimwa maarifa atakayoyahitaji siku ya kwanza atakapokaa peke yake.

"Usimamizi wa nyumba" maana yake nini hasa?

Ni kutumia ulichonacho kufikia unachokitaka. "Ulichonacho" ni muda, nguvu za mwili, fedha, vifaa na ujuzi wa watu wa nyumba hiyo. Wanafunzi wengi huandika fedha peke yake kisha wakashangaa alama zimekwenda wapi. Hatua zake ni kupanga, kugawa kazi na kuandaa vifaa, kutekeleza, halafu kutathmini. Hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Mtu anafua kila wiki akiwa ameinama, mgongo unamuuma, wala hajiulizi kama beseni lingewekwa juu ya meza imara hali ingekuwaje.

Mfano mzuri wa kutathmini kazi ni jiko la Frankfurt, lililobuniwa mwaka 1926 na Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Austria. Lilikuwa dogo, karibu mita 1.9 kwa 3.4. Kabla ya kulichora alichunguza kazi za jikoni moja moja na muda wake, akaangalia pia majiko ya mabehewa ya treni ambako chakula cha watu wengi hupikwa mahali finyu. Unapoambiwa darasani kwamba vitu vinavyotumika pamoja viwekwe pamoja, na vya kila siku vikae kati ya kiuno na bega, unafundishwa fikra hiyo hiyo. Jiko lako linaweza kuwa rafu moja tu, kanuni haibadiliki.

Mbona mpangilio wa hatua za usafi una alama zake? Si bora chumba kiwe safi tu?

Kwa sababu mpangilio mbaya hukulazimisha kufanya kazi mara mbili. Anza juu: utandabui na dari. Kisha fagia, subiri vumbi litue, ndipo upanguse samani kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Piga deki mwisho, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Anayepangusa meza kabla ya kufagia atazipangusa tena, maana ufagio hurusha vumbi hewani.

Mtaala hugawa usafi katika wa kila siku, wa kila wiki na wa mara moja moja (kama vile kabla ya wageni au baada ya ugonjwa). Usiyachukulie mafungu hayo kama sheria. Nyumba yenye mtoto anayetambaa husafishwa sakafu mara nyingi kuliko ya watu wazima wawili wanaoshinda kazini.

Na bajeti?

Andika mapato yote. Toa kwanza yasiyoepukika: makazi, chakula, ada, usafiri, maji na nishati. Weka akiba kabla ya matumizi ya hiari, wala usingoje kuona kitakachobaki, kwa kuwa mara nyingi hakibaki kitu. Tenga kiasi kidogo cha dharura. Mwisho wa mwezi linganisha ulichopanga na ulichotumia. Mtihani ukikuuliza faida za bajeti, hapo ndipo zinapopatikana.

Kwa nini tunasoma aina za nyuzi kabla ya kufundishwa kufua?

Kwa sababu kila kosa la ufuaji linarudi hapa. Ukielewa jibu hili vizuri, nusu ya mada ya udobi umeimaliza.

Pamba na kitani hutoka kwenye mimea, nazo ni selulosi. Selulosi huvumilia alikali (kinyume cha asidi, kama vile magadi), ndiyo maana shuka nyeupe za pamba zinaweza kuchemshwa pamoja na sabuni na magadi ya kufulia. Isichoweza kustahimili ni asidi kali. Tena pamba ikilowa huongezeka nguvu, hivyo unaweza kuisugua na kuikamua bila hofu kubwa.

Sufu na hariri hutoka kwa wanyama, nazo ni protini, jamii moja na nywele zako. Hapa mambo hugeuka: alikali ndiyo adui. Magadi huzikausha na kuzidhoofisha, na blichi ya klorini huiyeyusha sufu kabisa. Uzi wa sufu una magamba madogo yaliyopangwa kama vigae vya paa. Ukiunganisha joto, maji, sabuni na msuguano, magamba hayo hunasana na hayaachani tena. Sweta huwa nzito, ngumu na ndogo. Kwa hiyo sufu hufuliwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, hubonyezwa badala ya kusuguliwa, na maji ya kusuuzia huwa na joto lile lile la maji ya kufulia.

Poliesta, nailoni na akriliki hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na petroli. Hunywa maji kidogo sana, ndiyo maana hukauka upesi, lakini hushika mafuta. Kola ya shati la poliesta hukataa kutakata kwa sababu mafuta ya shingo yameng'ang'ania. Joto nalo ni hatari kwake: poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hivi za selsiasi, na huanza kulegea na kupata mng'ao usioondoka muda mrefu kabla ya hapo.

Rayoni huwachanganya wengi. Ni selulosi ya mbao iliyoyeyushwa na kufanywa uzi upya, kwa hiyo kikemia ni ndugu ya pamba. Lakini ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Gauni la rayoni lililosokotwa kwa kukamuliwa linaweza kuchanika mikononi mwako.

Nguo haina lebo. Nitajuaje ni ya kitambaa gani?

Chomoa nyuzi chache kutoka mshono wa ndani, zishike kwa kibano, uzichome juu ya sahani ya bati, mtu mzima akiwepo na maji yakiwa karibu. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na huacha majivu laini ya kijivu. Sufu na hariri huungua polepole, mara nyingi hujizima zikiondolewa motoni, hunuka nywele zilizoungua, na huacha kidonge cheusi kinachovunjika ukikibonyeza. Poliesta hujikunja mbali na moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na huacha kidonge kigumu kisichovunjika. Usiguse matone yake; huganda kwenye ngozi yakiwa ya moto.

Vitambaa vya mchanganyiko, mathalani pamba na poliesta, hutoa majibu mawili kwa pamoja. Ukiona hivyo, tunza nguo kwa kufuata uzi ulio dhaifu zaidi kati ya hiyo miwili.

Alama za kwenye lebo zinasomwaje?

Zipo tano za msingi, na hufuata mpangilio mmoja. Beseni ni kufua, pembetatu ni blichi, mraba ni kukausha, pasi ni pasi, na duara ni usafishaji wa kitaalamu. Nchi nyingi hutumia mfumo wa GINETEX, jumuiya iliyoanzishwa Paris mwaka 1963, ambao umeingizwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 3758. Marekani wana mfumo wao unaofanana na huo, wenye tofauti ndogo ndogo.

Namba ndani ya beseni ni joto la juu kabisa la maji. Mkono ndani ya beseni humaanisha fua kwa mkono. Mstari mmoja chini yake hutaka ufuaji wa taratibu, miwili taratibu zaidi. Pembetatu tupu huruhusu blichi yoyote, na yenye mistari miwili ya mshazari huruhusu ile ya oksijeni pekee. Mraba wenye duara ndani huzungumzia mashine ya kukaushia. Wenye mstari wima unasema anika kwenye kamba, na mstari mlalo unasema laza juu ya kitu bapa. Nukta kwenye pasi ni kiwango cha joto: moja ni takriban nyuzijoto 110, mbili 150, tatu 200. Alama yoyote iliyopigwa msalaba ni marufuku.

Jambo ambalo watu hawalijui: namba hizo ni kikomo, si amri. Nguo iliyoandikwa 60 inaweza kufuliwa kwa maji ya 30 isipate dhara lolote.

Hatua za kufua ni zipi, na zipi zinaweza kurukwa?

Kuchambua nguo, kushona palipochanika na kushughulikia madoa, kuloweka, kufua, kusuuza, kutia bluu au wanga ikihitajika, kukamua, kuanika, kupiga pasi, kupunga hewa, kuhifadhi. Chambua kwa rangi, kwa aina ya kitambaa na kwa kiasi cha uchafu. Geuza mifuko, karatasi moja ya leso ikisahaulika mfukoni itapamba nguo zote nyeusi.

Kushona huja kabla ya kufua kwa sababu tundu la ukubwa wa kidole hutoka majini likiwa la ukubwa wa ngumi.

Kuloweka si kwa kila nguo. Hufaa pamba nyeupe na nguo za rangi thabiti zilizochafuka sana, kwa kuwa hulegeza uchafu na kupunguza kusugua. Sufu, hariri na nguo inayochuja rangi hazilowekwi. Kulaza nguo za rangi ndani ya sabuni usiku kucha ni mazoea tu, na yana gharama yake: rangi hupauka na maji hunuka.

Hatua isiyorukwa kamwe ni kusuuza mpaka maji yawe maangavu. Sabuni inayobaki kwenye kitambaa huwasha ngozi, hukifanya kigumu, na huacha rangi ya njano au kahawia pasi inapopita.

Maji yetu hayatoi povu hata nikimaliza mche mzima wa sabuni. Sabuni ni mbovu?

Sabuni haina kosa. Maji ndiyo magumu. Yana kalisiamu na magnesiamu, ambazo hushikana na sabuni na kufanya ule utando wa kijivu unaoelea na kuganda kwenye beseni. Sabuni huanza kutakatisha baada ya madini hayo kwisha, hivyo sehemu kubwa ya mche wako inapotea bure. Utando nao hubaki kwenye nguo, nyeupe zikawa za kijivu na taulo zikakauka kama ubao.

Ugumu wa muda, unaotokana na bikaboneti, huondolewa kwa kuchemsha maji. Ile chokaa inayoganda ndani ya birika ndiyo ushahidi wake. Ugumu wa kudumu hauondoki kwa moto. Huo hutolewa kwa magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, yakiyeyushwa ndani ya maji kabla ya sabuni kuingia. Maji ya mvua huwa laini, na ukiweza kuyakinga yatakupunguzia sabuni.

Njia nyingine ni kutumia detajenti, zile sabuni za unga au za maji zisizo sabuni halisi. Hazifanyi utando. Utendaji wao ni ule ule: upande mmoja wa molekuli hupenda maji, upande wa pili hupenda mafuta. Molekuli huzunguka tone la mafuta, hulibandua kwenye kitambaa na kulielesha majini hadi limwagwe. Kwa njia hiyo, wingi wa povu si kipimo cha usafi, ingawa macho yetu yamezoea kuamini hivyo.

Madoa yanatolewaje bila kuharibu nguo?

Kuna maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kushika dawa yoyote. Doa ni la nini? Kitambaa ni cha nini? Limekaa muda gani? Kisha jaribu dawa kwenye pindo la ndani, anza na iliyo dhaifu, fanyia kazi upande wa nyuma wa kitambaa, na uende kutoka ukingoni kuelekea katikati ili doa lisitambae.

Damu, maziwa na yai ni protini, na protini hugandishwa na joto. Maji ya moto kwenye doa la damu ni njia ya uhakika ya kulifanya la kudumu. Tumia maji baridi mapema, ukiongeza chumvi kidogo, halafu sabuni. Lililokauka liloweshe kwanza.

Chai na kahawa zina tanini. Kwenye pamba nyeupe na doa likiwa bichi, tandaza kitambaa juu ya bakuli umwagie maji yanayochemka kutoka juu kidogo. Hapa joto linasaidia, na ndiyo maana kanuni ya "maji ya moto ni mabaya kwa madoa" au kinyume chake haina maana bila kujua doa lenyewe. Kama ni chai ya maziwa, anza na maji baridi, kwa sababu una madoa mawili hapo.

Mafuta hunyonywa kwanza kwa poda, kisha hufuliwa kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoruhusu. Nta ya mshumaa igande, ikwanguliwe, halafu weka karatasi inayonyonya juu na chini, upitishe pasi ya vuguvugu. Chingamu hugandishwa kwa barafu na kubanduliwa. Wino wa kalamu na kijani cha majani hutoka kwa spiriti; weka kitambaa cheupe chini ili kiunyonye, na moto wowote uwe mbali.

Kutu hutolewa kwa maji ya ndimu na chumvi, nguo ikiachwa juani na kusuuzwa vizuri baadaye. Usiweke blichi ya klorini kwenye kutu, italikoleza doa. Doa la ukungu kwenye pamba nyeupe likiwa jipya huweza kutolewa kwa ndimu na jua. Likishakuwa doti nyeusi zilizozama ndani ya uzi, mara nyingi kitambaa chenyewe kimeshaliwa, na hakuna dawa ya kurudisha uzi.

Chumvi au siki hushikiza rangi ya nguo mpya?

Imani hii imeenea sana. Kiwandani chumvi husaidia rangi kuingia kwenye pamba wakati wa kupaka rangi. Nyumbani, kinachochuja ni rangi ya ziada ambayo haikushikamana na uzi, na konzi ya chumvi haiwezi kufanya kazi ambayo kiwanda hakikuimaliza. Ifue nguo peke yake kwa maji baridi, haraka, mara kadhaa, hadi maji yawe maangavu. Kabla ya kuichanganya na nyingine, lowesha kona yake, weka kitambaa cheupe juu, ugandamize kwa pasi yenye joto. Kitambaa cheupe kikipata rangi, nguo bado inachuja.

Siki ina kazi nyingine iliyo ya kweli: kijiko kidogo ndani ya maji ya mwisho ya kusuuza hariri huondoa mabaki ya alikali ya sabuni, na rangi ikang'aa.

Blichi ni salama kwa kiasi gani?

Kwa pamba na kitani nyeupe, ikiwa imepunguzwa kwa maji kama chupa inavyoelekeza, na ikasuuzwa vizuri, haina tatizo. Kwa sufu, hariri na nailoni, hapana. Usiimimine moja kwa moja juu ya kitambaa.

Lililo zito zaidi ni hili. Blichi ya klorini ikichanganywa na asidi, iwe siki, ndimu au dawa ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini. Ikichanganywa na amonia hutoa gesi za kloramini. Zote hushambulia mapafu, na bafu dogo lililofungwa dirisha ndipo mahali pabaya zaidi pa kugundua hilo. Dawa mbili hazifanyi usafi maradufu. Tena kila kemikali ibaki kwenye chombo chake cha asili chenye lebo, mbali na watoto. Chupa ya soda iliyotiwa blichi ni mtego.

Sweta ya sufu imesinyaa. Inaweza kurudi ilivyokuwa?

Kwa kweli hapana. Magamba yakishanasana hayaachani. Kuiloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye kondishena ya nywele na kuivuta taratibu huweza kuiongeza kidogo, ukaipa mdogo wako kwa heshima. Fulana ya pamba iliyopungua ni habari tofauti: kitambaa kilivutwa kiwandani na majini kikalegea kurudi kwenye ukubwa wake halisi. Hiyo unaweza kuinyoosha ikiwa mbichi na kuipiga pasi kwenye umbo.

Bluu na wanga bado vina kazi gani?

Bluu haisafishi. Nguo nyeupe huelekea unjano kadiri inavyozeeka, na rangi ya bluu hafifu huufuta unjano huo machoni. Sabuni nyingi za unga za siku hizi zina viangazaji vinavyogeuza miale isiyoonekana ya jua kuwa mwanga wa bluu, kwa hiyo uhitaji umepungua. Ukitumia bluu, ichuje kwenye kitambaa, koroga maji, tumbukiza nguo ikiwa imekunjuliwa na uitoe mara moja. Ikilala humo itatoka na michirizi.

Wanga hukipa kitambaa ukakamavu na huzuia uchafu usizame. Koroga na maji baridi kwanza hadi uwe uji mwepesi, kisha mimina maji yanayochemka huku ukikoroga mpaka ung'ae. Ukianza na maji ya moto, nje ya punje huiva kabla ndani haijalowa, na unapata madonge. Nguo za kuhifadhiwa kwa miezi zisitiwe wanga, maana wadudu huula.

Nianike juani au kivulini?

Nyeupe za pamba juani. Jua hung'arisha na huua vijidudu. Za rangi kivulini, zikiwa zimegeuzwa. Hariri na nailoni hudhoofishwa na jua, hivyo zote mbili kivulini. Sweta hulazwa juu ya taulo, kwani ikining'inizwa uzito wa maji huivuta ikawa gauni. Shati ning'iniza kwa pindo la chini, si mabegani, ili alama za vibanio zifichike ndani ya suruali.

Pasi: kuna zaidi ya kusukuma mbele na nyuma?

Kuna mambo mawili tofauti. Kunyoosha ni kusukuma pasi juu ya kitambaa, na hufaa pamba na kitani vikiwa na unyevu kidogo. Kugandamiza ni kuishusha, kuinyanyua na kuishusha mahali pengine, juu ya kitambaa chenye unyevu. Hivyo ndivyo sufu inavyotakiwa. Anza na nguo za joto dogo uende kwenye joto kubwa, kwa sababu pasi hupata moto upesi na hupoa polepole. Nguo za rangi iliyokoza zipigwe upande wa ndani. Shati lianze na kola, halafu sehemu ya mabega, mikono, kisha kiwiliwili. Ukianza na kiwiliwili utakikunja tena unapohangaika na mikono.

Chomoa waya kabla ya kutia maji kwenye pasi ya mvuke. Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta havipakwi.

Nondo wanakula nguo safi pia?

Nondo mwenyewe hali chochote. Viwavi wake ndio walaji, na hutafuta protini ya sufu na hariri. Hupenda zaidi zenye jasho na mabaki ya chakula, hivyo nguo ihifadhiwe ikiwa imefuliwa na kukauka kabisa. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha wadudu, na uitoe kuipunga hewa mara kwa mara.

Vidonge vya naftalini huua viwavi, lakini visiwekwe kwenye nguo na blanketi za watoto wachanga. Mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, hasa kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na nyumba nyingi hazijui kama mtoto ana upungufu huo.

Mtihani wa vitendo: kwa nini muda haunitoshi?

Mara nyingi kwa sababu ulianza na kazi iliyo rahisi. Tuseme umepewa shati jeupe la pamba lenye doa, soksi za sufu na viatu vya ngozi. Doa la shati ndilo la kwanza, kwa sababu linahitaji muda wa kulowa. Wakati linalowa, fua soksi na uzilaze, maana hukauka polepole. Rudi kwenye shati, lianike, halafu futa vumbi la viatu na kuvipaka dawa. Dawa inapokauka, safisha beseni na meza. Kung'arisha viatu na kupiga pasi shati likiwa na unyevu bado ndiyo mwisho.

Andika mpango huo kabla ya kugusa maji, pamoja na orodha ya vifaa na kiasi cha kila kimoja. Mtahini huangalia kama ulichofanya kinafuata ulichoandika. Pia huangalia sakafu uliyoiacha. Kusafisha mahali pa kazi ni sehemu ya mtihani, na dakika zake zitengwe kwenye mpango.

Nyumbani tuna mashine. Bado nijifunze kufua kwa mkono?

Ndiyo, kwa kuwa mashine haijui kusoma lebo. Uamuzi wa joto, mzunguko na kiasi cha sabuni bado ni wako, na maamuzi hayo ni yale yale ya beseni. Funga zipu, geuza suruali za jinzi, na usiijaze hadi mlango ukashindwa kufunga. Nguo zinahitaji nafasi ya kugongana na maji. Sabuni ikizidi hubaki kwenye nguo na ndani ya mashine yenyewe. Ukimaliza, safisha kichujio na uache mlango wazi ili unyevu utoke, la sivyo ukungu utaota kwenye mpira wa mlango na kila utakachofua kitatoka na harufu yake.